Fundi Bado na Benchi la Mlangoni

Jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani, kazini na hata kanisani anaitwa Fundi Bado, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Ukienda kuulizia kitanda chako atakuambia, "Bado." Kabati? "Bado." Mlango, na wewe unalala na pazia tu, paka wa jirani anaingia na kutoka kama mpangaji? "Bado, mama. Mbao haijakauka." Watu walimnunia, wengine wakahamia kwa mafundi wa barabara kuu wanaokukabidhi kabati kabla hujamaliza kuagiza. Mvua iliponyesha mara moja tu, walirudi kwake, milango ya makabati imepinda, wakamwomba awasaidie. Aliwasaidia, ila nao aliwaambia wangoje.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na karakana yake vimetenganishwa na ukuta wa mabanzi tu, na nyumba yake iko hapohapo nyuma, kwa hiyo vumbi la msumeno wake linakaa kwenye vitambaa vyangu na mambo ya nyumba yake yanakaa masikioni mwangu, nitake nisitake. Nasema hivi mapema, asije mtu akaniuliza nimeyajuaje.

Nyuma ya karakana, chini ya bati, ndiko anakopanga mbao zake: ubao, vijiti juu yake, ubao mwingine, vijiti tena, ili hewa ipite katikati. Binti yake alipokuwa mdogo, kupanga vile vijiti ndiyo ilikuwa kazi yake akitoka shule. Mara kwa mara Fundi huenda pale akagonga ubao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ukitoa mlio mzito, anauacha ukauke. "Ubao mbichi haukatai msumari," husema. "Unaupokea vizuri kabisa. Ubaya wake utauona baadaye." Maneno hayo aliyasema hata kanisani alipopewa zamu ya kufundisha juu ya kumngoja Bwana. Alikuja na mbao mbili, moja mbichi na moja kavu, akawapa wazee wazigonge. Mchungaji alifurahi mno, ikawa kila akihubiri lazima ule ubao wa Fundi upite. Tukaamini kwamba kama kuna mtu katika kanisa letu anayejua kungoja, ni yeye.

Binti yake tulimwita Kinanda. Kinanda chenyewe cha kanisa kilikuwa kibovu, kwa hiyo mwalimu wa kwaya alikuwa akimgeukia yeye, "Tupe sauti," naye anaitoa, nasi tunaifuata. Kisha akampenda dereva mmoja wa lori. Baba yake akasema yule hasali wala hana nia ya kuoa. Binti akasema atasali, na ataoa. Maneno yakawa makali, baba akatamka lile neno ambalo mzazi hulitamka mara moja halafu hulitafuta alirudishe asilipate. Binti akafunga mfuko wake, akaenda kuishi na dereva bila ndoa. Kanisa likamtenga. Dereva naye hakusali wala hakuoa. Siku moja alipanda lori lake, na hiyo ndiyo ikawa kwaheri. Kinanda akabaki kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Kwao hakurudi. Aibu ilikuwa imekaa njiani.

Hapo ndipo Fundi alipoanza kungoja kwa kweli. Kila siku ya maombi alisimama. "Wapendwa, tumkumbuke binti yangu." Mwanzoni yalikuwa hayo tu. Lakini ombi linalorudiwa kila juma lina tabia ya kunenepa. Akaongeza habari za dereva. Akaongeza habari za chumba. Akaongeza mashuka. Tulifumba macho tukaomba, na tulipoyafumbua tulikuwa tunajua mambo ya yule msichana kuliko ilivyotupasa. Wapo walioomba kwa bidii ili tu wasikie sehemu iliyobaki. Sitawataja, maana itabidi nianze na kwaya, na katika kwaya itabidi nianze na safu yangu.

Mkewe hakusimama hata mara moja. Yeye aliomba akiosha vyombo, midomo ikichezacheza, na ukimuuliza anasema nini alikuwa akisema, "Nahesabu sahani, jirani."

Miaka ilipita. Siku moja, Fundi akiwa ameenda kununua mbao, mlango wangu ukagongwa, nikamwona Kinanda na gauni mkononi.

"Shikamoo, ma'mdogo. Naomba unipunguzie hili."

Gauni halikuhitaji kupunguzwa. Nililichukua, nikamwambia akae, nikagonga ukuta wa mabanzi kumwita mama yake. Mama alikuja na mikono yenye povu. Hakuna aliyeanguka kifuani pa mwenzake. Mama aliuliza, "Umekula?" Binti akasema, "Nimekula." Wakakaa. Baada ya muda akaondoka na gauni lake, nimelipunguza kidogo ili lisije likanishtaki.

Alikuja tena, na tena, daima baba akiwa hayupo. Mama hakumharakisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwashwa na ulimi, nikitaka nimuulize hili na lile, na mama yake akawa ananitazama kwa jicho lililonifanya nione heri nirudi kwenye uzi wangu. Ndipo siku moja binti mwenyewe akasema, "Mama, nataka kuja kusali. Ila nataka nikae tu. Lile benchi la mlangoni. Nisiitwe mbele, nisiwekewe mikono, nisiulizwe. Nikae tu, niondoke."

Mama yake alipomweleza Fundi jioni ile, nilisikia kiti kikisukumwa na mwanamume mzima akilia. Mama alimwacha alie. Kisha akaanza kumhoji kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Amesema anataka nini?"

"Akae tu."

"Na asifanyiwe nini?"

"Asiitwe mbele."

"Na wewe, baba?"

"Nami nikae tu, mke wangu. Naahidi mbele za Mungu."

Ahadi hiyo niliisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Jumapili ile sisi wanakwaya tulikuwa tumesimama mbele kama kawaida, tukiwatazama watu na mlango. Kinanda aliingia wakati wa wimbo wa pili, kilemba cha buluu, macho chini. Akakaa kwenye lile benchi la mwisho ambalo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, likayumba, akalituliza kwa mkono. Watu wachache waliomwona waligusana viwiko, lakini wakanyamaza. Fundi, kwenye benchi la wazee mbele kabisa, aligeuka mara moja. Kuanzia hapo akawa kama amekalia makaa. Akageuka tena. Mkewe, kutoka upande wa akina mama, alimtikisia kichwa. Mimi nilimkazia macho mpaka nikakosa ubeti.

Ukafika wakati wa shukrani. Kiongozi akauliza nani ana neno. Mama mmoja akashukuru kwa mwanawe kufaulu mtihani. Mzee mmoja akashukuru kwa kutoka hospitalini. Goti la Fundi likaanza kutikisika. Nikasema moyoni, Bwana, mshike huyu mtu. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kusimama, na kipaza sauti alikuwa nacho.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, mnajua nimengoja. Mmeomba pamoja nami. Yule tuliyemlilia Mungu kwa ajili yake, yule aliyetuacha akaenda kuishi na mwanamume bila ndoa, akatupwa, akawa wa kufua mashuka ya watu, leo Mungu amemrudisha! Yule pale mlangoni! Mwanangu, simama, njoo mbele, watu waone Mungu alivyo mwema!"

Vigelegele vilipigwa. Makofi yalipigwa. Mchungaji alisema haleluya kabla ya watu wote. Kanisa zima liligeuka nyuma kumtazama, na nje, kwa sababu tuna spika ukutani ili wapita njia nao wapate Neno, barabara nzima ilikuwa imesikia: muuza magazeti, wachota maji wa bombani, mafundi wa pikipiki wa ng'ambo. Nami nilipiga makofi. Mikono ilikwenda yenyewe kabla akili haijafika, na hadi leo nikiikumbuka mikono hiyo natamani kuificha.

Kinanda alisimama. Baba yake akafungua mikono yake miwili. Binti akamtazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa porini. Akakaza kilemba chake, akatoka, akashuka ngazi mbele ya macho ya barabara iliyokwisha kusikia kila kitu.

Makofi yalikufa moja moja. Fundi alibaki amesimama, kipaza sauti karibu na kinywa, pumzi zake zikisikika kwenye spika mpaka nje. Mwalimu wa kwaya akainua mkono tuimbe. Tuliimba, na tuliimba vibaya.

Mchana ule nyumbani kwao hapakusikika sahani. Mwishowe nilimsikia Fundi, sauti imepungua, "Nilitaka Mungu apewe utukufu."

"Alikuwa ameshapewa," mkewe akasema. "Mtoto alikuwa amekaa."

Nilisikia mkewe akivuta kiti, akakaa.

"Ulikuwa ubao mbichi, baba. Umeupiga msumari."

Waliosema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi walimwona mtu kama Fundi. Kesho yake alivaa shati lililopigwa pasi akaenda upande wa pili wa mji kuomba radhi. Majirani wa binti walimwambia hayupo, na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Akaenda tena, viatu viko palepale. Alipovaa lile shati kwa mara nyingine, mkewe alisimama kwenye mlango wa karakana na ufagio mkononi.

"Unakwenda kuuomba msamaha, au unakwenda kuuchukua?"

"Mke wangu, moyo unaniuma."

"Unakuuma, ndiyo. Kwa hiyo unataka mtoto akuponye haraka ili uache kuumwa. Huko nako ni kupiga msumari."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha, na mbao zako mbili."

Fundi alikaa chini palepale kwenye vumbi la msumeno. Kinyozi hajinyoi, lakini nilikuwa sijawahi kumwona kinyozi akiligundua hilo.

Tangu siku ile aliona haya mpaka ikawa inaonekana mwilini mwake. Mtu mrefu, akawa anainama hata kwenye mlango ambao haukumlazimu kuinama. Na lile neno lake, "bado", likapotea kinywani mwake. Mteja akija, "Fundi, kitanda tayari?" alikuwa akisema, "Ingia uangalie mwenyewe." Watu wakashangaa, wakadhani ana homa. Mimi nilijua: aliona hana haki tena ya kumwambia mtu bado.

Alimwandama Mchungaji amvue uzee wa kanisa. Mchungaji alikuja karakana, akakaa naye juu ya benchi lisilopigwa msasa. Nilitegemea hotuba. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyesema haleluya wa kwanza. Nikuvue wewe, mimi anivue nani?" Wakakaa watu wazima wawili bila kutazamana, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Siku ya maombi kiongozi akamgeukia kama kawaida. "Fundi, ombi lako?"

"Mungu analijua," akasema, akakaa.

Ungeona nyuso zilivyosinyaa. Tulikuwa tumezoea masimulizi. Wiki hiyo na zilizofuata, "Mungu analijua," basi. Ndipo tulipoanza kuona haya na sisi, polepole, mmoja baada ya mwingine, kwamba tulikuwa tumemfanya msichana wa watu kuwa kitoweo cha maombi yetu.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikikanyaga cherehani. Miaka ile yote Fundi alipokuwa haoni kitu, alingoja vizuri. Hakuanguka gizani. Alianguka pale jibu lilipochungulia mlangoni. Kumngoja Mungu wakati mikono iko mitupu kunaumiza, lakini mtu atafanya nini kingine? Kazi iko pale Mungu anapoanza, na wewe unaona ameanza, na mikono inakuwasha umalizie kwa niaba yake. Nami nadhani Fundi alikuwa hajawahi kungoja kwa namna hiyo mpaka aliposhindwa.

Siku moja, kanisa likiwa tupu, nilipita kuchukua majoho ya kwaya ya kushona, nikamkuta Fundi amepiga magoti nyuma. Nikafikiri anasali, nikataka kurudi. Kumbe alikuwa akiunganisha kipande kwenye ule mguu mfupi wa benchi la mlangoni. Alipomaliza akalisukuma kwa kidole, halikuyumba. Aliniona, akashtuka kama mwizi. "Usimwambie mtu," akasema.

Jumapili alikaa mbele na shingo ikawa ngumu kama ya aliyelalia mkono. Hakugeuka nyuma tena. Lakini sisi wanakwaya tunaona mlango, na yeye alijua kwamba mimi nauona. Kila Jumapili macho yake yaliniuliza, na kila Jumapili niliinamisha yangu kwenye kitabu cha nyimbo. Hakuniuliza kwa mdomo hata mara moja. Mvua zikaja, zikakatika, majani yakaota kwenye paa la karakana, yakakauka.

Kisha akaja. Kilemba kilekile cha buluu. Safu yangu nzima ilipoteza sauti, wimbo ukayumba, na Fundi akajua. Niliona habari imemfika usoni. Niliona shingo ikianza kugeuka, kidogo sana, na nikamwona akiirudisha.

Wakati wa shukrani ukafika, na kiongozi, maskini, alikuwa amekwisha kuuliza, "Nani ana neno?" kabla hajakumbuka. Kanisa zima likamtazama Fundi. Naye alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, zile kucha zake zenye gundi, mishipa imesimama, uso umeshuka kwa aibu, kama mtu anayesomewa kosa lake hadharani. Na kweli alikuwa anasomewa, kwa macho yetu. Kimya kikakaa mpaka mtoto mmoja akauliza kama tumekwisha kusali. Ndipo bibi mmoja wa upande wa dirishani akajikongoja kusimama. "Namshukuru Mungu kwa goti langu," akasema. Tuliitikia "Amina!" kwa nguvu hata bibi wa watu akaogopa, akakaa.

Kinanda aliondoka kabla ya sala ya mwisho. Fundi hakugeuka. Shati lake mgongoni lilikuwa limelowa.

Kinanda alikuja karakana siku ya kazi, asubuhi. Nilimwona akipita mlangoni kwangu na kigoda kilichovunjika mguu. Nikaondoa miguu kwenye cherehani.

"Shikamoo, Baba."

Randa ilisimama. "Marahaba, mwanangu."

"Kigoda kimevunjika."

"Nione."

Alikipokea. Hakuuliza anaishije, hakuuliza Jumapili. Nilisikia msumeno mdogo, kisha msasa. Binti naye akaenda nyuma. Nilichungulia kwenye upenyo wa mabanzi, Mungu anisamehe, nikamwona akiokota vijiti vilivyoanguka na kuvirudisha kati ya mbao, kimoja kimoja, kwa nafasi zilezile alizofundishwa akiwa mtoto.

Baba yake alikuja akasimama nyuma yake, brashi ya gundi mkononi.

"Niliahidi, nikavunja," akasema. "Nilikutangaza mbele za watu kana kwamba wewe ni kazi ya mikono yangu. Naona haya, mwanangu. Hata kukutazama naona haya."

Binti akaweka kijiti kingine. Ndipo lile alilokuwa Fundi amelizuia muda wote likamponyoka.

"Umenisamehe?"

Kinanda alinyoosha mkono. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Bado, Baba."

Nilimwona Fundi amepokea neno hilo. Mabega yalishuka. Alilisikia kama wateja wake wote walivyokuwa wakilisikia kwake, wenye vitanda na milango, ila yeye hakununa.

"Sawa," akasema. "Sawa, mwanangu."

"Kigoda je, tayari?"

Fundi akafungua kinywa, akasita. Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelitamka tangu Jumapili ile. Alilitoa chinichini, macho kwenye vumbi.

"Bado. Gundi haijakauka."

"Basi nitangoja," binti akasema, akajipangusia nafasi juu ya mbao, akakaa.

Fundi alirudi kwenye randa yake. Nami nikaanza tena kushona, polepole, nikizungusha gurudumu kwa mkono ili cherehani isipige kelele.